Tetemeko, Moto na Mapenzi: Filamu ya "San Francisco" Ilivyosimulia Maafa ya 1906

Mary Blake ameshinda. Ameimba wimbo wa kuusifu mji, ukumbi mzima umeitikia, na zawadi ya dola 10,000 ni yake. Blackie Norton, mwanamume anayempenda na ambaye klabu yake ndiyo ilikuwa na shida ya fedha hizo, anapanda jukwaani, anaikataa zawadi na kuitupa sakafuni mbele ya watu wote. Mary anageuka kuondoka na mwanamume mwingine. Hapo ndipo mngurumo unapoanza. Taa kubwa ya vioo inayumba darini, watu wanatazamana, halafu kuta za matofali zinaanza kumwagika.

Hiyo ni "San Francisco", filamu ya kampuni ya MGM ya Hollywood ya mwaka 1936. Aliyeiongoza ni W. S. Van Dyke, aliyeiandika ni Anita Loos, na steringi, yaani Blackie, ni Clark Gable wakati jina lake likiwa juu kuliko karibu mwigizaji yeyote wa Marekani. Jeanette MacDonald ni Mary, binti wa mchungaji aliyetoka mji mdogo akiwa na sauti ya opera. Spencer Tracy ni Padri Tim Mullin, rafiki wa Blackie tangu utotoni. Filamu ilivuna fedha nyingi mno na ikapendekezwa kuwania tuzo sita za Oscar, ingawa iliyobebwa nyumbani ni moja tu, ya kurekodi sauti. Tuzo hiyo ilistahili. Hata leo, kwenye spika za kawaida, mngurumo ule bado unamfanya mtu ainue macho kutazama dari.

Mtazamaji anabaki na picha moja kichwani: mji ulizama kwenye anasa, ardhi ikachafuka, adui akafa, steringi akapiga magoti, na moto ukazimika. Ukweli umo ndani ya picha hiyo, lakini umepangwa ili kutumikia mapenzi ya watu wawili. Anayetaka kujua ni nini hasa kilitokea San Francisco alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 inabidi kwanza atenganishe vitu viwili ambavyo filamu imevishona pamoja: kilichoutikisa mji, na kilichouangamiza. Si kitu kimoja. Na miaka thelathini kabla ya filamu kutengenezwa kulikuwa na watu wenye fedha waliojitahidi sana kimoja kati ya hivyo kisitajwe.

Tuanze na ardhi. Saa 11:12 alfajiri, Ufa wa San Andreas ulifyatuka. Ufa huu ni mpaka wa mabamba mawili makubwa ya gamba la dunia, la Pasifiki na la Amerika Kaskazini, yanayosuguana ubavu kwa ubavu. Hayatelezi kwa ulaini. Yanakwama kwa miaka mingi huku miamba ikijipinda taratibu, kama fimbo mbichi inayokunjwa, mpaka siku inaposhindwa kuvumilia na kurudi mahali pake kwa kishindo. Maelezo hayo ambayo leo yamo katika kila kitabu cha jiolojia yalitokana na tetemeko hilohilo: mwanasayansi Harry Fielding Reid aliyachapisha mwaka 1910, baada ya kulinganisha vipimo vya ardhi vya kabla na baada ya 1906.

Ufa ulipasuka kwa takriban kilomita 470. Ukubwa wa tetemeko unakadiriwa kuwa 7.9. Kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa anayekumbuka tetemeko la Kagera la Septemba 2016, lile lilikuwa 5.9. Tofauti ya namba mbili inaonekana ndogo, lakini kipimo hiki hakipandi kwa kujumlisha. Kila hatua moja ni nishati mara thelathini na ushee, hivyo hatua mbili ni karibu mara 1,000. Kwanza ulikuja mtikisiko wa kuonya, zikapita sekunde ishirini na kitu, kisha mtikisiko wenyewe ukaja na kudumu kati ya sekunde 45 na dakika nzima.

Hapa filamu imefanya kazi nzuri, tena kwa vifaa vya wakati ule. Hakukuwa na kompyuta. Mafundi wakiongozwa na James Basevi walijenga seti juu ya majukwaa ya kutikisika na kuta za kubomoka kwa amri. Lakini kinachotisha zaidi ni ukataji wa picha: uso, gurudumu, tofali, uso mwingine, kila kimoja kwa muda mfupi kiasi kwamba jicho halipati pa kushika. Mtu aliyewahi kuwa ndani ya tetemeko atakuambia ndivyo linavyokumbukwa, vipandevipande, bila mpangilio.

Kisha barabara inapasuka katikati, inafunguka kama mdomo, na chini yake bomba linafyatua maji. Hapo Hollywood imetia chumvi. Ufa wa San Andreas haufunguki na kumeza watu. Upande mmoja unasogea kwenda huku na mwingine kule. Karibu na kijiji cha Olema, kaskazini mwa mji, barabara iliyovuka ufa ilikatwa na vipande vyake vikaachana kwa karibu mita sita, kimoja kushoto, kingine kulia, bila shimo la kutisha katikati. Huko Olema kuna hadithi maarufu ya ng'ombe aliyemezwa na ardhi akabaki mkia tu nje. Ilisimuliwa hata na wasomi, na wengi wanaiona kuwa utani wa mfugaji aliyekuwa na mzoga wa kufukia na waandishi wa habari wa kuwachezea.

Kilichoua watu kwenye mtikisiko wenyewe kilikuwa jambo la kawaida zaidi: nyumba kujengwa mahali pasipofaa. Sehemu kubwa ya mitaa ya kusini mwa barabara ya Market ilikuwa zamani vinamasi na ghuba, ikajazwa mchanga, kifusi na hata mabaki ya meli, kisha viwanja vikauzwa. Ardhi ya namna hiyo ikitikiswa huku ina maji ndani yake inalegea na kuwa uji. Hoteli ya Valencia, jengo la mbao la ghorofa nne lililojaa wapangaji wa kipato kidogo, ilididimia na kujikunja. Waliokuwa ghorofa ya juu walitoka wakakanyaga barabara. Waliokuwa chini yao walinasa, na bomba kuu la maji lililokuwa limepasuka pembeni likawafurikia, baadhi wakazama humo. Maji yaleyale ndiyo mji ungeyahitaji saa chache baadaye.

Maana sasa ndipo unakuja moto, na hapa filamu na historia zinaanza kuachana kabisa.

Mabomba makuu yaliyoleta maji kutoka mabwawa ya kusini yalikatika pale yalipopita kwenye ufa au kwenye vinamasi. Mabwawa yenyewe yalisimama salama, yakiwa yamejaa. Ndani ya mji mabomba ya mitaani yalipasuka mamia ya mahali, na yale madogo ya kuingia majumbani yalikatika zaidi ya 20,000. Zimamoto walifika na mipira yao, wakafungua, yakatoka matope. Mkuu wao, Dennis Sullivan, ambaye kwa miaka alikuwa ameomba mji utengeneze upya visima vya akiba na kuweka mfumo wa kuvuta maji ya bahari, hakuwepo kuwaongoza: kilele cha hoteli jirani kilikuwa kimeporomoka na kuingia kituoni kwake, naye akajeruhiwa vibaya. Alifariki tarehe 22 Aprili. Mji uliozungukwa na bahari pande tatu ukawaka siku tatu hadi nne kwa kukosa maji.

Moto mmoja unastahili kutajwa kwa jina, kwa sababu hauna mapenzi wala dhambi ndani yake. Kwenye saa nne asubuhi, mwanamke mmoja wa mtaa wa Hayes Valley aliwasha jiko apike kifungua kinywa, bila kujua kwamba bomba lake la moshi lilikuwa limepasuka ndani ya ukuta. Watu wa San Francisco wanauita mpaka leo moto wa nyama na mayai. Uliteketeza mtaa wake, ukaingia kwenye mabaki ya ukumbi wa jiji, ukala na jengo kubwa la maonyesho ambalo lilikuwa limegeuzwa hospitali ya dharura, majeruhi wakihamishwa mbiombio.

Halafu wakaja wanajeshi na baruti. Jenerali Frederick Funston aliwatoa kambini bila kusubiri amri kutoka Washington, na Meya Eugene Schmitz akatoa tangazo kwamba atakayekutwa akipora auawe. Mpango ulikuwa kulipua safu za nyumba mbele ya moto ili ukose cha kula. Ukifanywa na wataalamu, mpango huo una mantiki. Ukifanywa kwa haraka na watu wasio na mafunzo, tena wakitumia baruti nyeusi inayorusha cheche, unawasha nyumba ambazo zingepona. Mitaa kadhaa iliungua hivyo. Mwishoni moto ulizuiwa kwenye barabara pana ya Van Ness, kwa ulipuaji, kwa upepo kugeuka, na kwa watu waliong'ang'ania kuzima cheche kwa magunia yaliyolowa. Filamu inaonyesha ulipuaji, tena kwenye mtaa wa matajiri wa Nob Hill, lakini inauonyesha kama huzuni tukufu, mali ikitolewa sadaka kuuokoa mji. Kwamba baruti hiyohiyo ilisambaza moto, hilo halina nafasi kwenye hadithi ya steringi.

Hesabu ya mwisho: majengo kama 28,000 yaliangamia, na katika watu takriban 400,000 wa mji, zaidi ya nusu walibaki bila makazi. Makadirio mengi yanasema sehemu kubwa mno ya hasara hiyo ilitokana na moto. Je, ilikuwa ya moto peke yake? Hilo swali lilikuwa na thamani ya mamilioni ya dola, kwa sababu ya bima.

Bima nyingi za San Francisco ziligharamia moto na hazikugharamia tetemeko. Mikataba mingi ilikuwa na kipengele kinachosema kwamba jengo likianguka kwa sababu nyingine kabla ya kuungua, bima inakoma palepale. Kwa hiyo mwenye nyumba iliyobomoka saa 11 alfajiri na kuungua saa 8 mchana alikuwa na kila sababu ya kuapa kwamba ilisimama wima mpaka ndimi za moto zilipofika. Ofisa mmoja wa jeshi aliripoti kuambiwa kwamba kuna watu waliokuwa wakichoma nyumba zao wenyewe kwa sababu hiyo. Baadhi ya kampuni za bima zilifilisika, nyingine zilikataa kulipa au zikapunguza madai. Huko London, Cuthbert Heath wa soko la bima la Lloyd's alituma telegramu ya kuagiza wateja wote walipwe kikamilifu bila kujali masharti ya mikataba yao. Alijijengea jina huko Marekani ambalo matangazo ya biashara yasingeweza kulinunua. Kwa jumla kampuni zililipa zaidi ya dola milioni 200, fedha za 1906.

Nyuma ya bima kulikuwa na jambo kubwa zaidi: wawekezaji. Moto ni janga ambalo mji wowote unaweza kulipata, Chicago iliungua mwaka 1871 na ikasimama tena. Tetemeko ni la mahali, litarudi, na mwenye mtaji wa kujenga ghorofa kumi atafikiri mara mbili. Ndani ya siku chache wafanyabiashara wa viwanja wa San Francisco walikubaliana kwamba maafa hayo yaitwe moto mkuu. Kampuni ya reli ya Southern Pacific, yenye ardhi na biashara kubwa California, ilieneza maelezo hayohayo kwa nguvu. Kwa muda mrefu, mtu aliyetaja tetemeko mno alionekana anaharibu soko.

Ndiyo maana naona filamu hii ilifanya jambo ambalo mji wenyewe ulikuwa umelikwepa kwa miaka thelathini: iliweka tetemeko katikati ya skrini, ikalipatia sauti, ikawaonyesha watu wa Marekani nzima kwamba ardhi ya California hutikisika. Kwa hilo inastahili shukrani za wanajiolojia. Lakini baada ya kulirudisha tetemeko, ililipatia sababu isiyokuwa yake.

Angalia mpangilio. Blackie ni mwenye klabu kwenye Barbary Coast, mtaa wa baa, kamari na madanguro. Hamwamini Mungu. Mary anavutwa kati yake na Jack Burley, tajiri wa Nob Hill anayetaka kumpeleka opera. Padri Tim anasimama katikati akiwa dhamira ya wote. Ubishi wa mapenzi unafika kikomo usiku ule, na tetemeko linaingia kama hukumu kwa hasira ya Blackie. Mpangilio huu ulikuwa na msukumo wa aina yake: tangu Julai 1934 Hollywood ilikuwa chini ya kanuni kali za maadili, zikisimamiwa na ofisi ya Joseph Breen. Dhambi iliruhusiwa kuonekana mradi ilipiwe, na viongozi wa dini hawakupaswa kudhalilishwa.

Kuna tukio moja linaloonyesha jinsi kanuni hizo zilivyoingia mpaka kwenye mifupa ya hadithi. Blackie anampiga padri ngumi ya mdomo. Wasimamizi hawakufurahi kabisa. Suluhisho la Loos na wenzake lilikuwa kuongeza tukio jingine mapema: Blackie na Tim wakipigana ndondi mazoezini, na Tim akimwangusha rafiki yake kwa urahisi. Sasa padri anapopigwa baadaye na kunyamaza, kila mtazamaji anajua angeweza kumlaza Blackie chali na amechagua kutofanya hivyo. Sharti la wakaguzi likazaa tukio zuri kuliko lile la awali, na sishangai Tracy alipendekezwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora kwa kazi ya dakika chache tu kwenye skrini.

Tatizo ni kwamba dhambi iliyoiponza San Francisco ilikuwapo kweli, ila haikuwa kwenye klabu za usiku. Ukumbi wa jiji ulijengwa kwa zaidi ya miaka 25 na kumeza mamilioni ya dola huku mikataba ikinufaisha wenyewe kwa wenyewe. Tetemeko lilipoisha kuta zake zilikuwa zimeporomoka na kuba limebaki limesimama juu ya vyuma vitupu kama kizimba cha ndege. Meya Schmitz, yuleyule wa tangazo la kuua waporaji, alitiwa hatiani mwaka 1907 kwa kujipatia fedha kwa vitisho, ingawa hukumu ilitenguliwa baadaye. Abe Ruef, wakili aliyekuwa akiendesha siasa za mji kutoka nyuma ya pazia, alikwenda jela ya San Quentin. Na Oktoba 1905, miezi sita tu kabla ya maafa, wakaguzi wa kampuni za bima walikuwa wameandika kwamba San Francisco imevunja kila kanuni ya taaluma yao kwa kutoungua mpaka siku hiyo.

Cha ajabu, filamu inalijua hili. Inaanza usiku wa mkesha wa mwaka 1906, na jengo linaungua. Mary anakuja kuomba kazi kwa Blackie kwa sababu moto huo umemwacha bila pa kulala. Watu wa Barbary Coast wanamwomba Blackie agombee udiwani ili kupambana na wenye majengo kama Burley, ambao nyumba zao ni mitego ya moto. Kwa dakika kadhaa unadhani unatazama filamu ya kisiasa kuhusu sheria za ujenzi! Halafu mapenzi yanapamba moto, kampeni inafifia, na tetemeko linapofika hakuna anayeuliza tena kuhusu mabomba wala majengo. Padri anauliza kuhusu moyo wa Blackie. Mji halisi, kwa upande wake, ulirudi kwenye ombi la marehemu Sullivan: wapiga kura waliidhinisha mwaka 1908 fedha za mfumo wa pili wa maji ya zimamoto, wenye visima chini ya barabara na pampu za kuvuta maji ya ghuba.

Mwisho wa filamu, Blackie aliyechanika nguo anamkuta Mary kwenye kambi ya waathirika, akiimba wimbo wa kanisani. Anapiga magoti. Mtu anapiga kelele kwamba moto umezimika, na umati mzima, wazee kwa watoto, unapanda kilima ukiimba, kisha magofu yanayeyuka na kuwa San Francisco ya kisasa ya 1936. Ilikuwa pia tangazo zuri la mji: Daraja la Bay lilifunguliwa Novemba mwaka huohuo na lile la Golden Gate Mei 1937. Wimbo alioimba Mary ukawa rasmi mmoja wa nyimbo za jiji mwaka 1984, na kila tarehe 18 Aprili wanaokusanyika alfajiri kwenye chemchemi ya Lotta kukumbuka maafa huuimba.

Katika umati ule wa kilimani, Wachina karibu hawaonekani. Maelfu yao waliishi Chinatown, mtaa ulioungua wote. Hesabu rasmi ya waliokufa ilibaki chini ya 500 kwa miongo mingi, na ilitoka kwenye vitabu ambavyo Wachina na maskini wengine hawakuandikwa ipasavyo. Gladys Hansen, mtunza kumbukumbu wa jiji, alianza kukusanya majina upya miaka ya 1960 na kufikia makadirio ya zaidi ya 3,000. Majivu ya Chinatown yalipokuwa bado ya moto, viongozi walipanga kuuhamishia mtaa huo Hunters Point, mbali na katikati ya mji, kwa kuwa kiwanja chake kilikuwa cha thamani. Wafanyabiashara wa Kichina walikataa, serikali ya China ikapinga kupitia wawakilishi wake, na Chinatown ikajengwa palepale ilipokuwa.

Moto ulikuwa umeunguza pia rejesta za vizazi. Sheria ya mwaka 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani, lakini sasa Mchina angeweza kudai kuwa alizaliwa San Francisco na hakuna ofisi iliyokuwa na karatasi ya kumkanusha. Akishapata uraia, alikuwa na haki ya kuleta watoto wake kutoka China, na nafasi nyingine za watoto hao ziliuzwa kwa vijana wasio na undugu naye. Waliitwa wana wa karatasi. Walikariri ramani za vijiji, majina ya majirani na idadi ya ngazi za nyumba ambazo hawakuwahi kuishi, ili wajibu maswali ya maofisa wa uhamiaji kwenye Kisiwa cha Angel. Biashara hiyo iliendelea kwa miongo. Filamu ilipoonyeshwa mwaka 1936 sheria ile ilikuwa bado inatumika; ilifutwa mwaka 1943.